Dobi Aliyeogopa Nguo Safi

Saa nane kamili mchana, kengele ya wodi ya wanaume inapigwa mara tatu, na Mama Pasi anaacha kazi. Anaitua pasi ya mkaa juu ya kigae, anajipangusa mikono kwa aproni, kisha anainamisha kichwa upande wa dirisha kama mtu aliyeitwa kwa mbali. Maji yanadondoka kutoka kwenye shuka zilizoanikwa.

Muda kidogo unapita, na ndipo sauti inapokuja. Mtu anacheka ng'ambo ya ua. Mpira wa matambara unagonga ukuta, na mwingine anafoka, "Wee, umeniibia zamu yangu mchana kweupe!"

"Haya," anasema Mama Pasi na kuishika tena pasi. "Wako macho."

Hivyo ndivyo afanyavyo kila siku ya kazi, na amefanya hivyo kwa miaka kumi na mmoja. Siku ambayo hatasikia kitu baada ya kengele ile, anasema, ataiacha pasi ilipo, hata kama iko juu ya shati la mganga mkuu, na atakwenda mwenyewe kuwagongea mlango.

Mama Pasi ni dobi wa hospitali ya wagonjwa wa akili. Ana umri wa miaka hamsini na tisa, na hakuna mtu hapa, kuanzia mlinzi wa lango hadi mganga mkuu, amwitaye kwa jina jingine. Aliajiriwa akiwa na miaka ishirini na saba, mjane mwenye mtoto mchanga mgongoni. Tangu hapo hajawahi kufanya kazi nyingine wala kuhamishwa chumba.

Kila wiki sare mia mbili na kumi hupita mikononi mwake, pamoja na shuka zisizopungua mia tatu. Mashine ya kufulia ililetwa mara moja, ikafanya kazi miezi mitano, ikafa. Leo inatunza vipande vya sabuni. Magadi na maji ya moto yamemla vidole hata alama zake zimefutika. Mwaka jana, alipotakiwa kuweka dole gumba kwenye kifaa cha ofisini kwa ajili ya mafao ya kustaafu, kifaa kilimkataa mara tatu.

"Kiliniambia mimi si mtu," anasema, na kicheko kinamtikisa mabega. "Nikamwambia karani, mwanangu, mbona hilo wenzangu wa wodini waliambiwa zamani!"

Ili mtu aelewe kilichotokea, ni lazima kwanza aelewe jinsi kazi hii inavyofanyika. Dobi wa hospitali hii haonani na wagonjwa. Kati ya chumba cha kufulia na wodi kuna ukuta, na katika ukuta huo kuna dirisha dogo lenye mlango wa bati. Jumatatu na Alhamisi, kapu la nguo chafu husukumwa kutoka upande ule. Siku inayofuata, kapu la nguo safi husukumwa kutoka upande huu. Muuguzi hugonga bati mara mbili, dobi hujibu mara moja, basi.

Wodi ile ilikuwa na wanaume thelathini na sita, na kila sare ilikuwa na namba kifuani, iliyoshonwa kwa uzi mwekundu. Mama Pasi ndiye aliyezishona zote kwa mkono.

"Niliwajua wote thelathini na sita," anasema, "na sikuwahi kuona uso hata mmoja."

Aliwajua kwa walichokiacha kwenye kitambaa. Saba alikuwa akitafuna kola, na alama za meno yake zilikuwa kama mshono wa pili. Thelathini alijaza mifuko mbegu za nyasi. Yupo aliyefunga mafundo kwenye kila uzi uliolegea, yupo aliyelia upande wa kushoto tu, maana bega la kushoto ndilo lililokuwa na chumvi. Na alikuwapo Kumi na Nne, ambaye hakuacha hata uzi mmoja uning'inie. Kila pindo lililofumuka lilirudi likiwa limeshonwa kwa mkono, mshono mdogo, ulionyooka, wa mtu aliyesomea kazi.

"Nilijua huyu ni fundi cherehani mwenzetu. Sijui sindano aliipata wapi, na sikutaka kujua."

Siku za upepo, sare zikiwa kambani, huvimba vifua na mikono ikainuka. Ukisimama mlangoni unaona safu ya wanaume wa buluu wasio na vichwa, wanaelekea upande mmoja kisha, pasipo amri ya mtu, wanageuka wote. Mgeni hurudi hatua moja nyuma. Mama Pasi huzipita katikati akizisalimu kwa namba.

Binti yake, ambaye sasa ni mshonaji na mama wa watoto wawili, alikuwa akiletwa hapa shule zikifungwa. "Nilirudi nyumbani nikamwambia bibi, mama anaongea na nguo. Bibi akasema, mwache, mjukuu wangu, mimi naongea na sufuria na bado sijafungwa."

Miaka kumi na mmoja iliyopita, mambo yalianza kwa karatasi iliyobandikwa ubaoni. Wauguzi wa wodi ya wanaume, waliokuwa tisa, wangebaki watatu. Ili watatu hao waweze kuwamudu wagonjwa thelathini na sita, kila mgonjwa angepewa kidonge cheupe saa nane mchana. Kengele ingepigwa mara tatu, wangepanga mstari, wangemeza, wangelala. Wangeamshwa saa kumi na mbili jioni kwa uji, kisha wangelala tena.

Kidonge hicho hakikuwa dawa ya ugonjwa wa mtu yeyote. Kilikuwa dawa ya upungufu wa wauguzi.

Siku ya kwanza, wanaume thelathini na watano walimeza. Mmoja alikataa. Hakupiga kelele wala kuvunja kitu. Muuguzi aliyekuwapo, ambaye siku hizi amestaafu, anakumbuka maneno yake: "Sista, dawa yangu ya asubuhi nimekunywa na ya usiku nitakunywa. Hii siitaki. Nataka kuiona saa tisa."

Aliambiwa saa tisa haina kitu cha kutazamwa. Akajibu kwa upole, "Basi hamtakosa kitu mkiniachia."

Alirudia maneno hayo siku nne. Siku ya tano, Ijumaa, walikuja wahudumu wanne wa jengo la nyuma wakambeba. Huyo alikuwa Kumi na Nne.

Alipelekwa jengo la nyuma. Jengo hilo lipo hadi leo: ghorofa moja, madirisha ya juu yasiyofikiwa na mkono, mlango mmoja wa chuma. Wanaowekwa humo hawavai sare wala hawana namba, hupewa blanketi. Kwa dobi, mtu wa jengo la nyuma hujulikana kwa jambo moja tu: nguo zake hurudi bila yeye. Hufika dirishani zikiwa zimekunjwa, juu ya kapu, na kazi ya dobi ni kufumua ule uzi mwekundu ili sare ingojee mwingine.

Mganga aliyetia saini uhamisho huo alistaafu siku hiyo hiyo. Karatasi ilibaki kwenye droo yake. Jumatatu iliyofuata, kundi jipya la wauguzi watatu liliingia wodini, na kwenye orodha iliyoning'inia ukutani wakakuta namba zote thelathini na sita.

Mama Pasi naye akakosea.

"Kosa langu lenyewe ni hili, na nilisema hivyo hata mbele ya tume ya uchunguzi," anaeleza, akiirudisha pasi kwenye kigae. "Niliipokea sare yake, nikaketi niifumue. Nikaona ule mshono wake wa pindo. Mkono ukakataa. Nikasema nitafumua kesho. Nikaifua. Na wewe ukifua kitu miaka ishirini na mmoja, mikono haiulizi kichwa. Nilipiga pasi, nikakunja, nikaitia kapuni pamoja na nyingine, nikaisukuma dirishani. Nilikumbuka nikiwa nyumbani, kijiko kimefika mdomoni."

Alisubiri kuulizwa. Hakuna aliyeuliza. Alhamisi kapu lilipokuja, sare namba Kumi na Nne ilikuwamo, na ilikuwa chafu.

Ilikuwa na tone la chai kifuani. Magotini palikuwa na vumbi la ukuta, kama mtu aliyeegemea dirisha kwa muda mrefu. Makwapa yalinuka jasho la mtu mzima mwenye afya.

Mama Pasi aliiweka chini taratibu, akatoka nje, akasimama juani.

Lakini, anasema, si sare hiyo iliyomtia hofu kuu. Kilichomnyima raha ni zile nyingine. Tangu kidonge kile kianze, nguo zilikuwa zimeanza kurudi safi. Kola ya Saba haikutafunwa. Mifuko ya Thelathini ilikuwa mitupu. Bega la kushoto halikuwa na chumvi. Wiki baada ya wiki, sare thelathini na tano zilipita dirishani zikiwa na harufu moja, ya godoro, kana kwamba zilikuwa zikivaliwa na vitanda.

"Kazi yangu ilipungua nusu. Wifi yangu akaniambia, si ushukuru, mikono inapumzika! Nikamwambia, wifi, mimi ni dobi. Nguo ya mtu aliye hai huchafuka. Nilikuwa nafua nguo za maiti wanaopumua."

Na katikati ya usafi huo wa kutisha, sare moja tu iliendelea kuishi: sare ya mtu ambaye hakuwapo.

Wiki ya tatu alipata jibu, au nusu yake. Kwenye kola ya Kumi na Nne alikuta alama za meno. Aliyajua meno hayo kama ajuavyo maandishi ya mwanawe. Mfukoni alikuta mbegu za nyasi tatu. Na alipolipapasa pindo, vidole vyake vikagota kwenye vitu vidogo vigumu, vilivyopangwa kama shanga. Akafumua. Vilikuwa vidonge vyeupe, vinane.

Saba, ambaye leo ana miaka sabini na bado anaishi wodini kwa sababu nduguze wamekwisha, anaieleza siri hiyo kwa fahari ya fundi. Anaongea huku akitafuna kola, na Mama Pasi, aliyeketi kando yake, anamkonyeza aiache.

"Mama, hii ndiyo mshahara wako," Saba anamjibu. "Nikiacha utafukuzwa."

Kisha anaendelea. "Tulikuta sare ya jamaa imekunjwa kitandani kwake, inanukia pasi. Mwenyewe hayupo. Tukasema, amerudi kidogo. Basi tukapeana zamu. Kila siku mmoja. Unapita mstarini na sare yako, unaficha kidonge shavuni. Unaingia msalani, unavaa ya Kumi na Nne, unapita tena. Sista anatazama kifua, hatazami uso. Vidonge viwili vinaingia pindoni. Kitandani kwako unalaza mto, kwake pia mto. Halafu unasimama dirishani. Unaangalia saa tisa."

Kulikuwa na nini cha kuangalia?

"Kila kitu!" anasema Saba. "Mtu wa baiskeli. Mwanamke anamfokea mbuzi. Kivuli cha tangi la maji kinavyotembea mpaka kinaugusa ukuta. Jioni wenzako wakizinduka unawasimulia. Watu thelathini na watano tulikuwa tunaishi mchana wa mtu mmoja."

Hapana aliyegundua, kwa kuwa hapana aliyehesabu watu. Asubuhi vilihesabiwa vikombe vya chai, na mwenye zamu alichukua viwili. Mchana vilihesabiwa vitanda vilivyovimba.

Mama Pasi alivimwaga vidonge kwenye mfereji wa maji machafu. Kanuni ilimtaka aripoti siku hiyo hiyo. Badala yake alilishona pindo, akaacha upenyo wa kidole, akaipiga pasi sare ya Kumi na Nne vizuri kuliko zote, akaisukuma dirishani. Kosa la kwanza lilikuwa la mikono. Hilo la pili, anakiri, lilikuwa la kichwa.

Mambo yalikwenda hivyo kwa miezi minane.

Kiongozi wa wauguzi wapya alikuwa mwanamke mrefu mwenye saa iliyobanwa kifuani, iliyotazamwa zaidi kuliko uso wake, na wagonjwa wakamwita Bi Saa. Hakuwa katili. Hata Saba anasema hivyo. Alikuwa mtu wa utaratibu aliyepewa wauguzi wawili na funguo kumi na tisa.

Alhamisi moja aliwahi kurudi kutoka ofisini. Ilikuwa saa tisa kasorobo. Kupitia kioo cha mlango wa ukumbi alimwona mtu amesimama dirishani, mikono nyuma. Mtu yule aligeuka, na kifuani pake palikuwa na namba nyekundu: 14. Mpaka ufunguo ulipozunguka, wodi yote ilikuwa imelala. Bi Saa alikwenda moja kwa moja kwenye kitanda cha Kumi na Nne, akavuta blanketi. Akakuta mto.

Alitoka kuita wahudumu. Aliporudi na mganga mkuu na watu wanne wenye kamba, robo saa haikuwa imetimia, lakini muda huo ulimtosha mwenye zamu kuwaamsha wenzake. Wanaume wote walikuwa wamesimama kando ya vitanda, wakiwamo wale waliolemewa na dawa, ambao wenzao waliwashika makwapa. Hapakuwa na namba kwenye kifua chochote. Sakafu nzima ilikuwa imetapakaa nyuzi nyekundu. Walikuwa wamezing'oa kwa meno na kwa mipini ya vijiko.

"Kumi na Nne atoke mbele," alisema Bi Saa.

Hakuna aliyetikisika. Aliwahesabu, kwa mara ya kwanza tangu afike, kwa vichwa. Thelathini na watano. Akarudia. Thelathini na watano. Wahudumu wakachungulia chini ya vitanda, msalani, darini. Vichwa vyote vilikuwa vimenyolewa, nyuso zote zilikuwa zimevimba kwa usingizi, na picha za kwenye majalada zilikuwa za vijana wenye nywele ambao hawakufanana tena na mtu yeyote.

Ndipo Bi Saa alipotamka adhabu. Kumi na Nne asipopatikana kabla ya saa kumi, wodi nzima ingepewa vidonge viwili badala ya kimoja, asubuhi na mchana, kwa mwezi mmoja. Na yeyote atakayedhaniwa kuwa ndiye, angekwenda jengo la nyuma.

Mmoja wa wahudumu akakumbuka. "Kuna yule mama wa kufulia. Ni wa zamani. Anawajua."

Mama Pasi wakati huo alikuwa amelifungua kapu la Alhamisi, lililokuwa bado chini ya dirisha. Juu kabisa, imesukumwa kwa haraka kupitia dirishani, ilikuwamo sare namba Kumi na Nne, ya pekee iliyobaki na uzi wake. Aliishika. "Ilikuwa bado na joto la mtu," anasema, na hadi leo anapolisema hilo huvitazama viganja vyake.

Alikwenda nayo mkononi. Hivyo ndivyo, baada ya miaka ishirini na mmoja, alivyoingia kwa mara ya kwanza upande wa pili wa ukuta.

Bi Saa alimsimamisha mwanzo wa mstari. "Mama, pita polepole. Ukimfikia Kumi na Nne, mguse bega."

Alipita. Hakuhitaji namba. Huyu, meno mafupi yaliyolika: Saba. Huyu, ngozi ya bega la kushoto imebabuka kwa machozi. Huyu, vidole vinafunga fundo hewani. Mmoja baada ya mwingine alikuwa akikutana na watu aliowajua kuliko ndugu zake, na hakuna aliyemjua. Walimtazama tu kama wanavyotazamwa wachimba kaburi.

Alipompita Saba, alimsikia akinong'ona bila kufumbua midomo, "Mama, usitufichue."

Akafika mwisho wa mstari. Akageuka.

"Nimewaona wote," alisema. "Kumi na Nne hayumo."

"Ametoroka?" aliuliza mganga mkuu.

Hapa Mama Pasi anasema alipiga hesabu kwanza. Mwanawe alikuwa bado anasomea ushonaji. Nyumba ilikuwa ya kupanga. Angeweza kusema ndiyo, ametoroka, na mambo yangeishia langoni. Lakini wangemtafuta, na baada ya kumkosa wangemchukua mwingine.

"Hajatoroka, Daktari. Kumi na Nne mlimpeleka jengo la nyuma miezi minane iliyopita. Sare yake nilipaswa kuifumua namba, sikufumua. Nimekuwa nikiirudisha mimi, tena kwa kusudi. Mtu mnayetaka kumfungia, mmekwisha kumfungia."

"Mama huyu anasema maneno ya kichaa," alisema Bi Saa.

"Basi nipeni kitanda," Mama Pasi akajibu. "Kimoja kina mto tu tangu mwaka jana."

Mtu mmoja katika mstari alicheka. Kisha wa pili. Muuguzi yule mstaafu, aliyekuwa amehamishwa wodi nyingine na siku hiyo amepita kuchukua vyeti vyake, anasema hajawahi kusikia kitu kama kile: wanaume thelathini na watano, nusu yao hawawezi kusimama vizuri, wanacheka kwa koo ambazo hazikutumika kwa miezi minane. "Kilikuwa kama kicheko kinachotoka kisimani," anasema.

Mganga mkuu hakucheka. Aliomba ufunguo wa jengo la nyuma, na ulichukua muda kupatikana.

Mama Pasi aliwafuata, sare mkononi, na hakuna aliyemkataza. Mlango wa chuma ulikwama, ukasukumwa na watu wawili. Ndani mlikuwa na giza la mchana, lile giza ambalo macho hulikataa kwanza. Watu walikuwa wameketi kando ya kuta, wamejifunika mablanketi hata vichwani, na hakuna aliyeinua uso mlango ulipofunguliwa. Kulisikika sauti moja tu, ndogo, ya kitambaa kinachokwaruza kitambaa.

Aliifuata sauti hiyo hadi pembeni. Mwanamume mwembamba alikuwa ameshika upindo wa blanketi lake, na kwa ukucha, bila sindano wala uzi, alikuwa akipitisha mshono. Kidole kinaingia, kidole kinatoka. Blanketi lote lilikuwa limelika ukingoni kwa mshono usiokuwapo.

Mama Pasi alichuchumaa, akamwekea sare mapajani. Mtu yule akalipapasa pindo. Akaukuta mshono wake, kisha akaukuta wa Mama Pasi, ule wenye upenyo. Akatikisa kichwa kama fundi asiyeridhika na kazi ya mwenzake.

"Saa ngapi?" aliuliza.

"Saa tisa na dakika arobaini," alijibu mganga mkuu kutoka mlangoni, na sauti yake, anasema Mama Pasi, haikuwa ya mganga mkuu.

"Basi nimeiwahi," alisema Kumi na Nne.

Alitolewa siku hiyo. Tume iliundwa, ikakaa wiki sita. Mama Pasi alipewa barua ya onyo na kusimamishwa kazi miezi mitatu. Anaihifadhi barua hiyo ndani ya sanduku moja na cheti cha ndoa. Kidonge cha saa nane kilifutwa, wauguzi wanne wakaongezwa, na kengele ikabaki ya kuwaruhusu wagonjwa kwenda uani mchana. Tangu hapo huhesabiwa kwa kuitwa majina, na kila mmoja hutazamwa usoni anapoitika.

Bi Saa sasa anafundisha uuguzi mahali pengine. Alipopigiwa simu alijibu: "Nilikuwa na watu watatu kwa wagonjwa thelathini na sita. Andika hivyo. Lakini andika pia kwamba niliishi nao miezi minane, na sikujua kwamba ni thelathini na watano. Huwaanzia wanafunzi wangu hapo."

Kumi na Nne ana jina, na siku hizi hulitumia. Anaishi kwa dada yake, hunywa dawa zake asubuhi na usiku, na hushona sare za shule kwa mashine ya kukanyaga. Kila Alhamisi huja na sindano yake, huketi upande huu wa ukuta, na kushona majina ya wagonjwa kwa uzi mwekundu mahali palipokuwa na namba. Haongei sana. Ikifika saa tisa huinuka, huenda mlangoni, husimama mikono nyuma. Baada ya robo saa hurudi kwenye kazi yake.

"Fundi, umeona nini leo?" Mama Pasi humtania.

"Kivuli cha tangi kimechelewa," hujibu.

Lipo jambo moja ambalo wote wawili hawalielezi. Sare yenye namba 14 haikufumuliwa. Wodi iliomba ibaki, na mganga mkuu akakubali. Haina mwenyewe, wala haimo kwenye orodha yoyote. Hata hivyo, kila Alhamisi imo ndani ya kapu, na kila Alhamisi ni chafu.

"Nani anaivaa?" Mama Pasi anainua mabega. "Sijauliza. Ninaifua."

Miezi sita kutoka sasa atatimiza miaka sitini, na sheria itamtaka aende nyumbani. Binti yake amekwisha kumtengea chumba, na wifi yake amemwandalia kiti cha kupumzikia ambacho, kwa maneno yake, "kinanitazama kama jeneza lenye mito." Anasema atakwenda, lakini bado ana kazi moja.

Jengo la nyuma halijafungwa. Wanaume watano bado wamo, na mlango ni ule ule. Kwa mwaka mzima amekuwa akimwandikia mganga mkuu, barua moja kila mwezi, kwa mwandiko wa shule ya zamani, na haombi jambo kubwa. Anaomba watu hao watano wapewe sare, na sare hizo zipitie dirishani kwake.

Mwezi uliopita jibu lilikuja: amekubaliwa kwa majaribio. Sare tano zimeshonwa na fundi wa Alhamisi, majina matano kifuani. Zilipelekwa Jumatatu. Leo ni siku ya kapu.

Bati la dirisha linagongwa. Mama Pasi anafungua, anaingiza mikono hadi viwikoni, anatafuta. Anazitoa moja moja, anazikunjua, anaziinua kwenye mwanga. Hazina doa. Ananusa ya kwanza, ya pili, mpaka ya tano. Harufu ya godoro.

Anazikunja upya, anazitenga na nyingine.

"Nitazifua hivyo hivyo, na nitazirudisha," anasema. "Wiki ijayo nitazinusa tena. Siku mmoja wao atakaponiletea hata tone la chai, nitaizima pasi hii, niende nikakikalie kile kiti."